Tepu Nyeupe kwenye Swichi ya Oili

Fundi Mchecheto hakupewa jina hilo kwa kuonewa. Alikuwa mtu wa kukaa na kusimama, kusimama na kukaa, na hata chai aliinywa akitembea. Mke wake alishamzoea. Chakula cha asubuhi alikuwa akimwekea dirishani, ili akichukue njiani wakati anazunguka. Lakini asubuhi ile ya mashindano ilikuwa imepita kiasi. Tangu kupambazuke alikuwa amefagia gereji, akapanga spana kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga upya, na sasa alikuwa amechuchumaa anapangusa jeki ambayo haikuwahi kuonja kitambaa tangu inunuliwe.

Kisa chote kilikuwa binti yake. Huyo binti alikuwa dereva wa magari ya mbio, na watu wa barabarani walimwita Nyigu kwa sababu ya mlio wa gari lake, ule wa kukuchoma masikio kabla hujaliona lenyewe. Siku hiyo alikuwa anapanda mlima. Barabara ya lami yenye kona nyingi inafungwa, magari yanaachiwa moja moja kutoka chini, na atakayefika kileleni kwa muda mfupi kuliko wenzake ndiye bingwa. Baba mtu alikuwa ameahidi hatakanyaga huko. Si kwa kupenda kwake. Nyigu mwenyewe ndiye aliyemwomba.

"Baba, ukija nitakuona pembeni umeshika kichwa," alimwambia, "na mguu wangu utakuwa mzito. Tafadhali baki nyumbani."

Akabaki. Lakini kubaki ni jambo moja na kutulia ni jingine, na la pili hakuwahi kulijua.

Yalikuwepo mengine pia kati yao. Mwaka uliotangulia Nyigu aliacha barabara kwenye kona. Gari lilibaki limening'inia ukingoni, gurudumu moja hewani, naye akatokea dirishani mdomo ukimvuja damu, anacheka. Anacheka, nakuambia, kama mtu aliyeteleza sebuleni kwake. Baba yake aliyaona yote kwa macho mawili aliyonayo, na tangu hapo chakula kikawa hakishuki. Mashindano yaliyofuata yalipokaribia, akafanya jambo ambalo fundi hafanyi. Alimwambia mwanawe giaboksi imekwisha. Akamwonyesha oili chafu aliyoitoa kwenye gari la mtu mwingine, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema likienda mlimani litakufa njiani. Nyigu akauliza hivi, akajibiwa vile. Akauliza vile, akajibiwa hivi. Hakuna swali lililokosa jibu, tena majibu yaliyonyooka kama ya wakili. Binti akakosa mashindano. Baadaye akalipeleka gari kwa fundi wa upande wa pili wa mji, giaboksi ikafunguliwa, ikakutwa nzima, safi kama sahani ya mgeni.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikuja akasimama mlangoni pa gereji, akasema, "Baba, giaboksi ni nzima," akageuka akaenda zake. Kuanzia hapo salamu zikawa za simu, fupi fupi, na gari likawa halikanyagi kwa baba. Fundi Mchecheto alitengeneza magari ya watoto wa wenzake huku la mwanawe akilisikia tu likipita barabara ya juu, na kila likipita anaacha kazi mpaka mlio upotee.

Mpaka lilipoanza kuvuja oili. Wakaguzi wa mashindano hawana mzaha na oili. Tone likidondoka barabarani, anayefuata nyuma anateleza na kwenda na maji. Walilikataa gari la Nyigu, wakamwambia alirudishe likiwa kavu. Fundi wa upande wa pili akahangaika nalo, akabadilisha hiki na kile, oili ikaendelea kudondokea ekzosi na kufuka moshi. Hapo ndipo mama mtu, aliyekuwa amechoka kuishi na watu wawili wanaonuniana, alipomwambia binti yake, "Mpelekee baba yako. Ile injini anaijua kuliko anavyonijua mimi."

Likaletwa. Usiulize furaha ya mzee. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa upepo, akainyunyizia poda ya watoto kila mahali, kisha akaiacha ingurume. Ndiyo njia yake ya kuisaka oili: inapotokea, poda inalowa, na kilicholowa hakijifichi. Poda ililowa sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa juu, kwenye sensa inayoiambia kompyuta ya gari mzunguko wa injini ulipofika. Mpira wake wa duara ulikuwa umekauka na kuwa mgumu. Akaweka mpira mpya, akaupaka oili kidogo, sensa ikakaa sawasawa na kazi ikaisha pale pale.

Ya pili ndiyo iliyomtoa jasho. Chini kabisa, nyuma, pale inapofungwa filta, kuna swichi ndogo ya oili. Nguvu ya oili ikishuka, swichi hiyo inawasha taa nyekundu mbele ya dereva, kumwambia zima injini kabla haijajisaga. Swichi yenyewe ni ya kufunga kwa kuzungusha, na meno ya tundu lake yalikuwa yameliwa. Yule fundi mwingine aliikaza kwa hasira, kama anayemkaba mwizi. Swichi mpya iliingia ikawa inacheza, na oili ikapenya pembeni.

Dawa yake ilijulikana: kubadilisha kitako chote cha filta, kile kinachobeba tundu hilo. Lakini kitako cha gari la namna ile hakiuzwi mtaani, kinaagizwa, na mashindano yalikuwa kesho.

"Baba, litawahi?" Nyigu aliuliza kwa simu. Alikuwa amesema baba kwa sauti ya zamani, ile ya kabla ya giaboksi.

"Litawahi," akajibu baba mtu kabla hajafikiri.

Akaenda kwa shemeji yake, ndugu wa mke wake, fundi bomba aliyekuwa na duka nyuma ya gereji. Akaazima tepu nyeupe, ile nyembamba ya kuzungushia meno ya bomba maji yasivuje. Akaizungushia swichi ikashiba, akaifunga taratibu. Akawasha injini, akaiacha ichemke, akasokomeza karatasi nyeupe chini kote. Karatasi ikatoka nyeupe. Karibu aibusu.

Nyigu alikuja jioni. Aliingia garini, akazungusha ufunguo na kuwasha kwa mpigo mmoja, kama alivyozoea, injini ikalia, akatoa mkono dirishani akamshika baba yake bega. Hakusema asante. Alilishika tu lile bega, akalibana, akaondoka. Fundi Mchecheto alikaa na bega hilo usiku kucha.

Sasa asubuhi imefika, na yeye yuko pale anapangusa jeki. Shemeji akaingia, mwendo wa pole, maneno mengi.

"Shemeji, hiyo jeki utaitoboa. Tepu yangu iko wapi? Kuna watu wananisubiri na choo chao."

"Ipo hapo juu ya meza."

"Umeimaliza yote? Umefunga gari au umefunga kidonda?" Shemeji alikiinua kikopo cha tepu, akakitazama dhidi ya mwanga. "Lakini nzuri hii, eh? Haipitishi kitu. Juzi nimeitia kwenye mabomba ya nyumba moja, fundi umeme akanijia juu kama moto wa kifuu. Eti yeye ameunga nyaya zake kwenye bomba, na mimi kwa tepu yangu nimemkatia umeme usipite kwenda ardhini. Nikamwambia, bwana, mimi nazuia maji, nikizuia na umeme, hiyo ni nyongeza."

Akacheka mwenyewe. Fundi Mchecheto alikuwa ameacha kupangusa.

"Umesemaje?"

"Nimesema ni nyongeza."

"Kabla ya hapo. Umeme haupiti?"

"Utapitaje? Ile ni plastiki tupu."

Fundi Mchecheto alikaa chini, sakafuni, pale pale alipokuwa. Ukimwona mtu yule amekaa bila kujitikisa ujue kuna msiba. Ile swichi ya oili ina waya mmoja tu. Upande wa pili wa umeme inaupata kwenye meno yake, yanaposhikana na chuma cha injini. Ukiyazungushia plastiki, umeikata. Na ikikatwa haipigi kelele, haileti hitilafu. Inanyamaza. Taa nyekundu haitawaka hata oili yote ikimwagika, hata injini ikitafuna vyuma vyake. Fundi mwanafunzi analijua hilo. Yeye alilijua tangu Nyigu hajazaliwa, na mkono wake ukaizungusha tepu hivyo hivyo, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimejaa ile "baba" ya kwenye simu.

Wala hakuijaribu. Injini ikiwa inanguruma, taa inatakiwa iwe imezimika. Taa nzima na taa iliyokufa hapo zinafanana kama mapacha. Ya kuipima ni pale ufunguo umefunguliwa na injini bado imelala. Pale nyekundu lazima iwake. Na Nyigu aliwasha kwa mpigo mmoja, na yeye alikuwa anashughulika na bega.

"Shemeji," akasema polepole, "nimemfunga mwanangu macho."

Shemeji hakuelewa, akaelezwa, akaelewa, akakirudisha kikopo cha tepu mezani.

Akampigia Nyigu, simu ikalia mara nyingi kabla haijapokelewa. Nyuma ya sauti ya Nyigu kulikuwa na injini za watu.

"Baba, tulikubaliana nini?"

"Nisikilize, mama. Hilo gari usiende nalo. Ile swichi ya oili..."

Binti akamkatiza. Sauti haikuwa ya hasira, imechoka tu.

"Nilijua. Nilimwambia mama, atavumilia mpaka asubuhi, asubuhi atapata kitu."

"Mwanangu, safari hii ni kweli."

"Na safari ile?"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupatikana. Alisimama katikati ya gereji akiitazama simu, na hapo ndipo alipoyaona mambo yalivyo. Akikaa kimya, huenda mwanawe akaenda akarudi salama, na ile "baba" ya zamani ikabaki yake. Na huenda oili ikashuka katikati ya mlima bila taa kumwambia, injini ikakwama ghafla kwenye kona, na safari hii ukingo usiwe na kitu cha kulishika gari. Akienda kumzuia, basi amempoteza mwanawe kwa mkono wake, kwa sababu neno lake lilishakwisha nguvu kwa binti yule. Alitamani kulia. Aliuma meno badala yake.

"Hiyo pikapu yako ina mafuta?" akauliza.

"Ina mafuta, haina breki nzuri."

"Breki leo hatuzihitaji."

Wakaondoka na mabomba nyuma yakigongana kama sufuria za harusi. Shemeji aliendesha anavyotembea. Fundi Mchecheto alikanyaga sakafu upande wake kana kwamba kuna moto pale, akafungua dirisha, akalifunga, akafungua kisanduku cha mbele, akatoa risiti za watu akazipanga.

"Kanyaga, bwana."

"Nimekanyaga. Ndio mwisho wake."

"Toka kushoto. Lipite hilo lori."

"Shemeji, ukiendelea kunitetemeshea gari hivi litazimika. Pumua. Utamwambia nini ukifika?"

"Ukweli."

"Mwaka jana ulisema pia ni ukweli."

"Ndiyo maana naenda mwenyewe. Kwa simu nafanana na yule wa mwaka jana."

Shemeji alimtupia jicho. "Na ana kwa ana hufanani naye?"

Fundi Mchecheto aliendelea kupanga risiti mpaka zikamponyoka zikaenda chini ya kiti, akaanza kuzitafuta kwa miguu.

Chini ya mlima kulikuwa na magari yaliyoegeshwa hovyo, watu wamekaa juu ya boneti, harufu ya petroli na matairi. Kamba ilikuwa imefungwa kukata barabara, na kijana mwenye bendera na kizibao cha kung'aa alikuwa amesimama mbele yake amejaa cheo.

"Wazee, huku hapaingii mtu."

"Namtafuta dereva, mwanangu yuko hapo," akasema Fundi Mchecheto, naye ameshainama kupita chini ya kamba. Mkono wa kijana ukamrudisha.

"Kila mzazi ana mwanawe hapo, mzee wangu."

Shemeji hakubishana. Alirudi kwenye pikapu, akavuta bomba refu, akaliweka begani, akaja amekunja uso kama mtu aliyekatiziwa usingizi.

"Bomba kuu limepasuka hapo mbele," akamwambia mwenye bendera. "Maji yakifika kwenye lami magari yenu yatakuwa yanaogelea. Unatuzuia, au unakuja kuandika jina lako kwenye hiyo hasara?"

Kamba ikanyanyuliwa. Fundi Mchecheto alipita chini yake akikimbia, na mtu mzima akikimbia kwa namna ile watu hupisha wenyewe.

Nyigu alikuwa kwenye foleni ya kuondoka, mbele yake gari moja tu. Kofia ngumu imefunika kichwa, mikanda imembana, injini ameizima kuiokoa na joto. Alimwona baba yake akija, akafumba macho. Kisha akashusha dirisha.

"Mjomba, shikamoo," alisema kwanza, akimtazama shemeji aliyekuja nyuma na bomba lake.

"Marahaba, mama. Samahani kwa bomba."

Hapo akamgeukia baba yake. Macho tu ndiyo yaliyoonekana ndani ya ile kofia.

"Haya. Sema."

Fundi Mchecheto alishika ukingo wa dirisha. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka. "Meno ya tundu la swichi yameliwa. Nilitakiwa kukwambia yanahitaji kitako kipya. Sikukwambia, nilitaka uende. Nikazungushia tepu ya mabomba. Tepu inakata umeme, unajua mwenyewe. Taa yako ya oili imekufa. Nimeiua mimi."

Nyigu alikuwa mtoto wa gereji. Kutambaa alijifunzia chini ya magari. Taa iliyokufa ni kitu gani hakuhitaji kuelezwa. Alitazama mbele, ambako gari la mwenzake lilikuwa linasogea kwenye mstari, kisha akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Basi tutaiona," akasema.

Akafungua. Injini imelala, dashibodi ikaamka, na katikati yake taa ya oili ikawaka. Nyekundu, nzima, haipepesi.

Mzee aliingiza kichwa chote dirishani. "Zima. Fungua tena."

Akazima, akafungua. Ikawaka.

"Tena, mama."

Ikawaka.

Watu wa jirani walikuwa wameanza kusogea kutazama. Gari la mbele likaondoka kwa kishindo, likapanda, mlio wake ukaanza kukatwakatwa na kona. Mtu wa kwenye mstari akamwashiria Nyigu asogee.

Fundi Mchecheto alijua kilichotokea. Jino moja la swichi lilikuwa limekata tepu mahali fulani, likagusa chuma, pengine kwa upana wa unywele. Mguso wa namna hiyo unaweza kushika mpaka kileleni. Unaweza pia kuachia kwenye mtikisiko wa kwanza, na taa ikafa bila kuaga. Angeweza kusema hivyo. Ilikuwa kweli. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, yamejipanga moja baada ya jingine, mazuri, yana mantiki, na alipoyasikia ndani ya kichwa chake yalikuwa na sauti ile ile ya giaboksi. Kila swali na jibu lake. Aliyaonea aibu, akayameza.

Alitoa kichwa dirishani. Miguu ilikuwa inamtetemeka, akaiacha itetemeke.

"Inawaka," akasema. "Mimi nilidhani imekufa. Huenda tepu imekatika ndani ikagusa, sijui. Sina namna ya kujua bila kuifungua, na nikiifungua itavuja, hawatakuruhusu. Gari ni lako, mwanangu. Ukitaka, nenda."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno hilo. Lilimtoka kama jino. Akarudi nyuma, akasimama kando ya shemeji, akajishika mikono nyuma asije akashika kichwa.

Mtu wa mstari alipunga tena. Nyuma ya Nyigu honi ikapigwa. Binti aliwasha injini, ule mlio wa nyigu ukajaa bondeni, taa nyekundu ikazimika kama inavyotakiwa kuzimika, au kama inavyozimika ikiwa imekufa. Alisogea hatua chache mpaka karibu na mstari. Baba yake hakukimbilia gari, hakuita. Alisimama tu anatazama, na machozi yakaanza kumshuka mwenyewe hana habari nayo.

Gari likakaa pale. Likanguruma, likakaa. Halafu usukani ukakatwa kulia, likatoka kwenye foleni taratibu, likapanda majani ya pembeni, likazimwa. Mtu wa mstari akapayuka kitu, akamwita aliyefuata.

Nyigu alifungua mikanda, akashuka, akavua kofia. Nywele zilikuwa zimeloa. Alikuwa amekasirika, hilo halikufichika, na midomo ilikuwa inamcheza kama mtoto anayejizuia.

"Msimu wangu ndio umekwisha hivyo," akasema. "Ujue."

"Najua."

"Inaniuma. Usidhani sijali."

"Mwanangu, taa inawaka. Mimi sikukuzuia."

"Ndiyo hiyo," akasema Nyigu. "Mwaka jana ulinizuia, nikaja kugundua ni mchezo. Kila nilichouliza ulikuwa umeshakiandalia jibu. Leo umesema hujui. Tangu nizaliwe sijakusikia unasema hujui kitu cha gari. Halafu ukaniambia niende, na unatetemeka namna hiyo." Alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Hapo ndipo nilipoogopa."

Baba mtu alitaka kumkumbatia, akakumbuka mikono yake ina vumbi la pikapu, akamkumbatia hivyo hivyo. Nyigu alisimama mgumu kidogo, kisha akalegea. Shemeji aliangalia pembeni na bomba lake begani, akamwambia mtu aliyekuwa akitazama kwamba kazi ya maji imeahirishwa.

Waliifungua boneti. Injini ilikuwa bado ina joto, na spana ikamteleza mzee mkononi ikaanguka. Nyigu aliiokota, akaingiza mkono nyuma kule chini mwenyewe, akaanza kuilegeza swichi huku uso ameugeuza pembeni, anatafuta kwa vidole. Ilipotoka aliiinua juu kwenye mwanga. Tepu ilikuwa imejikunja kuzunguka meno, nyeusi kwa oili, na mahali pamoja palikuwa na mkwaruzo, mng'ao mdogo wa chuma. Waliutazama wote watatu. Hakuna aliyeweza kusema kama ungeshika mpaka juu au usingeshika.

Oili ilianza kudondoka kwenye majani. Nyigu akaziba tundu kwa kidole.

"Hicho kitako cha filta," akauliza, "kikiagizwa kinafika lini?"

"Wiki ijayo," akajibu Fundi Mchecheto, upesi, kama fundi yeyote.

Binti yake alimtazama. Kidole kilikuwa bado kwenye tundu, oili inamshuka kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko.

Mzee akakohoa. Akatazama chini, akatazama barabara, akapangusa mikono kwenye suruali, akairudia kuipangusa.

"Mwezi mmoja," akasema. "Na zaidi kidogo."

"Basi nitasubiri," akasema Nyigu. "Hebu nipe kitambaa."